Jazi Iliyofia Chini ya Ngazi

Jazi ilikufa. Hilo nilielezwa hata kabla sijaonyeshwa pa kuketi. Ilikufa miaka kadhaa iliyopita, kwa mujibu wa baba mkwe wangu mtarajiwa, na tangu hapo hakuna mwanadamu aliyepuliza tarumbeta akatoa kitu cha maana. Kilichorekodiwa baada ya msiba huo kilikuwa kelele za watoto wasio na adabu. Mtu akibisha, mzee alifumba macho, akainua kidole kimoja hewani, na mjadala ukaishia hapo.

Nyumba yake ilipangwa kufuatana na msiba huo. Sebuleni kulikuwa na kabati la vioo lenye kufuli, na humo zilikaa santuri za enzi jazi ikiwa hai. Chini ya ngazi kulikuwa na stoo ya mafagio na ndoo, na humo zilizikwa santuri zote alizoletewa zawadi na wanawe, wapwa zake, na majirani waliotaka kujipendekeza. Kila aliyeleta santuri alijua yake iko wapi. Na kwa kuwa hakuna zawadi iliyowahi kuingia kabatini miaka yote hiyo, ukoo mzima ulikuwa wa stoo.

Mimi sikuwa na haja na kabati wala stoo. Nilichotaka ni mzee avae koti, apande gari, aje kwetu aketi na wazee wangu, waseme yale ambayo wazee huyasema binti anapoposwa. Basi. Bila yeye hakuna mazungumzo, na bila mazungumzo baba yangu hakuwa tayari kusikia habari ya harusi. Mara ya kwanza mzee alisema goti linamsumbua. Mara ya pili akasema gari la mwanawe halimpendezi. Mara ya tatu aliweka santuri tu akafumba macho. Mama yangu akaanza kuniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nina hakika huyo mchumba ana baba.

"Tatizo si wewe," mchumba wangu aliniambia. Yeye ni mfamasia, mtu wa kupima kila neno kabla ya kulitoa, na likishatoka huwa limepoa. "Tatizo hujui jazi. Baba anajiuliza, ataingizaje kwenye nyumba hii mtu asiyejua jazi? Mletee santuri moja ya maana, utaona."

"Wewe uliwahi kumletea?"

"Niliwahi."

"Iko wapi?"

Akakohoa. "Chini ya ngazi."

Jumamosi iliyofuata nikaenda kuichunguza hiyo jazi mwenyewe. Jumamosi alasiri ndipo mzee alipokutana na wenzake wawili, kundi ambalo mimi nililiita Halmashauri, mwanzoni kimoyomoyo, baadaye kwa sauti. Mlango ulifunguliwa na wifi yangu mtarajiwa, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye hata nyumbani hutembea kana kwamba kuna darasa linapiga kelele mahali.

"Shh!" akaniambia. "Wanasikiliza."

Nikaingia kwa kunyata. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, mgongo ukutani, kiganja kimekaa juu ya spika kama mtu anayembembeleza paka. Karibu naye aliketi daktari wa meno mstaafu, wote humwita Ndevu, na ukimwona huulizi kwa nini, maana zilianzia puani, zikafunika mdomo wote, zikateremka hadi kifuani. Kwenye kochi alijilaza wakili mstaafu, kinywa wazi, anakoroma kwa ustaarabu. Mzee na Ndevu walikuwa wamefumba macho. Vichwa vinatikisika taratibu, kwa utamu.

Ila hapakuwa na muziki. Santuri ilikuwa imekwisha. Sindano ilikuwa imekaa pale mwishoni, inafagia, shwa, shwa, shwa, na waheshimiwa wanasikiliza. Mzee akainua kidole, kama kuna kitu kizuri kinapita. Ndevu akashusha pumzi.

"Ukimya," akasema Ndevu. "Huyu bwana alijua kuutumia ukimya."

Nikamgeukia wifi. Alikuwa amevaa uso wa ibadani. "Imeisha," nikamnong'oneza.

"Nini imeisha?"

"Santuri."

"Shh! Wewe hujui jazi."

Tukaendelea kusikiliza shwa shwa mpaka wakili alipofumbua jicho moja, akasema, "Imeisha hiyo, geuzeni," akalala tena. Mzee aliona mdomo wa wakili ukicheza, akaangalia santuri, akanyanyua sindano kwa heshima zote.

Sasa, mimi kazi yangu ni masikio. Niko hospitali, chumba cha mwisho kwenye korido, nina kibanda chenye kuta nene na visikilizio viwili, natuma milio na mtu anabonyeza kitufe akisikia. Wanaume wa umri wa mzee huletwa na wake zao, na wote husema neno moja: kwamba wao wanasikia vizuri, ila siku hizi wake zao wanaongea kwa kumumunya maneno. Nawafahamu hata kabla hawajaketi. Huchagua kiti cha pembeni. Hukutazama mdomoni. Na huongea sana, kwa sababu anayeongea hahitaji kusikia.

Nikasimama nyuma ya kiti cha mzee. "Baba, nikuletee maji?"

Kimya. Wifi akanitazama kwa jicho la onyo: usimsumbue. Nikazunguka, nikasimama mbele yake kwenye mwanga, nikarudia maneno yaleyale kwa sauti ileile.

"Naam, mwanangu, ya baridi," akajibu, na tabasamu juu.

Hapo mambo yote ya nyumba ile yakajipanga kichwani mwangu. Yeye na Ndevu walikuwa na ugomvi maarufu wa miaka mingi, na familia iliamini ni juu ya saksafoni. Saksafoni wapi! Huwezi kuelewana na mtu ambaye mdomo wake umejificha kichakani. Nikalitazama lile kabati. Kila santuri iliyokuwamo mzee aliijua tangu ujana wake, nukta kwa nukta. Akiiweka, kichwa chake ndicho kilichopiga, na kidole kiliinuka mahali pake kwa mazoea. Ila santuri mpya haiko kichwani. Ya mwanawe, ya bintiye, zote aliziweka mara moja, akasubiri, hakupata kitu, akatangaza hazina roho, zikaenda kwenye mafagio. Jazi ilikuwa imekufa mwaka uleule masikio ya mzee yalipoanza kumtupa mkono.

Na goti? Goti lilikuwa zima. Mzee aliogopa kwenda kukaa kwenye chumba kilichojaa watu wageni wanaosema kwa pamoja, wamwulize jambo, naye ajibu jingine, mbele ya mwanawe na mbele ya wakwe. Mimi nilikuwa nimekwenda pale nimejiandaa kumchukia. Huruma iliyonipanda iliniudhi sana.

Nilimfuata mchumba wangu dukani kwake, nyuma ya kaunta, anapanga vichupa. "Baba yako hasikii," nikamwambia.

Akacheka. Akaona sicheki, akaacha. "Baba? Baba anayesikia toazi likiguswa kwa brashi?"

"Halisikii. Analikumbuka."

"Sikiliza, mpenzi." Alipoanza kwa mpenzi nilijua nitakasirika. "Ukimwambia mzee wangu kitu kama hicho, hakuna ndoa. Atakufukuza wewe, atanifukuza na mimi. Nenda katafute santuri."

Nilitaka kumrushia kichupa. Lakini nikifikiri kwa haki, alikuwa sahihi, jambo linalomtokea mara chache. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Jazi haambiwi kwamba hasikii, na hasa haambiwi na msichana anayetaka kuolewa na mwanawe. Basi nikaenda kutafuta santuri.

Duka la santuri lilikuwa ghorofa ya pili, katikati ya mafundi simu na washona mapazia. Mwenyewe alikuwa amevaa kofia ndani ya nyumba na alijiita Profesa. Hakuuza kwa kila mtu. Kwanza alikuhoji.

"Unamnunulia nani?"

Nikamtajia mzee. Profesa akavua kofia.

"Huyo hapelekewi kitu, dada. Huyo ana masikio! Wanawe wamekuja hapa mmoja mmoja, nimewapa vitu vya hatari, vyote amevikataa. Bintiye mkubwa, yule mwalimu mkuu, alikuja hapa majuma kwa majuma. Alichagua mpaka nikamhurumia. Nayo ikakataliwa."

Nikakaa kwenye kile kiti cha kujaribia, nikatoa mfukoni vizibo vya sponji, vile tunavyowagawia watu wa viwandani, nikavisokomeza masikioni. Vizibo hivyo hula sauti za juu na kukuachia za chini. Si sawasawa kabisa na sikio la mzee, ila unapata picha.

Profesa akaniangalia kwa muda. Nilisoma mdomo wake. "Dada, unataka kusikiliza au unataka kujikinga?"

"Vyote viwili. Weka."

Akaweka fahari ya duka, bwana wa tarumbeta. Nikasikia mbu. Akaweka saksafoni, nikasikia jirani akilalamika nyuma ya ukuta. Kila santuri alinieleza kwa mikono miwili kwamba hapa ndipo mtu hulia, na mimi nikakaa pale mkavu, naelewa kwa mara ya kwanza kwa nini mzee aliutangazia ulimwengu kifo cha jazi. Nisingekuwa na vizibo ningesema ni kiburi. Nikiwa navyo, nilitamani kutangaza na mimi.

"Nipe yenye besi," nikasema, labda kwa kelele, maana fundi simu wa jirani alichungulia.

Nilivua vizibo nimsikie akikataa. "Besi! Zote zina besi. Besi hukaa nyuma, dada, inashikilia wenzake. Nani ananunua besi?"

"Inayokaa mbele, basi."

Alipekua rafu ya chini kabisa, kwa haya, akaja na santuri ambayo jalada lake lilikuwa na mikono miwili mizee tu, basi, hakuna uso. Besi kubwa ile ya kusimama, na mpiga ngoma mmoja. "Hii hata sijui niliiagizaje," akasema. "Nimeiuza, ikarudi. Ni mpya, na mzee hataki mpya. Na ni besi."

Nikarudisha vizibo. Akaweka. Na humo kwenye sponji, nikasikia kila kitu. Vidole vinatembea, vinasimama, vinamngoja yule wa ngoma, vinamdhihaki. Kuna mahali besi inajifanya imepotea njia, inarandaranda, unaanza kuionea aibu, halafu inatokea palepale ilipoondokea kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Nikacheka peke yangu. Profesa aliifunga kwenye gazeti, jalada likiangalia ndani, watu wasione kimetoka dukani kwake.

Jumamosi nikaipeleka. Halmashauri ilikuwa imekaa kamili, mchumba wangu amesimama dirishani anakula kucha, na wifi yuko mlangoni kushuhudia stoo ikipata mpangaji mpya. Mzee akavaa miwani, akasoma nyuma ya jalada mpaka mwisho.

"Ni ya juzijuzi hii," akasema, kwa huzuni ya dhati.

"Ya juzijuzi, Baba," nikamjibu, nimesimama mbele yake kwenye mwanga. "Isikilize mara moja. Ikikushinda nitaizika mwenyewe, njia ya stoo naijua."

Wifi akavuta pumzi kali. Ndevu akalichukua jalada. "Besi na ngoma tu? Wenzao walichelewa kufika?" Walicheka wote isipokuwa mzee, ambaye alicheka baada ya kuwaona wenzake wanacheka.

Mzee akaweka sindano. Akafumba macho, kiganja juu ya spika, kidole tayari. Besi ikaingia.

Macho yakafumbuka. Kidole kilibaki hewani hakijui kwa kwenda, maana safari hii hakuna mazoea ya kukiongoza. Akatoa kiganja kwenye spika. Akasogea mbele. Ndevu alikuwa anaeleza jambo juu ya kuporomoka kwa viwango, na mzee hakumtazama hata mdomo. Tukafika pale mahali. Besi ikapotea, ikaranda, ikaranda tena, mchumba wangu akanitazama kwa aibu, halafu besi ikatokea mlangoni kwake, na mzee akacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, mahali penyewe hasa. Sijawahi kufurahia kicheko cha mtu namna ile.

"Kweli viwango vimeshuka," Ndevu akasema.

"Nyamaza wewe!" mzee akamfokea, bila shaka akikisia.

Upande ulipoisha, sindano ikaanza shwa shwa yake. Hiyo hakuisikia. Ila safari hii hakutikisa kichwa. Alinitazama mimi. Nikaufumba mkono wangu kidogo, pale kwenye paja: imeisha. Akanyanyua sindano.

"Tokeni wote," akasema. "Nina maneno na mkwe wangu."

Neno mkwe lilimfanya mchumba wangu ajigonge kwenye fremu ya mlango. Walipotoka, mzee aliirudisha santuri ndani ya jalada lake.

"Nani alikuchagulia?" akauliza.

"Nilichagua mwenyewe. Nilijiziba masikio."

Alilitazama lile jalada lenye mikono. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ile santuri ilipoisha, nanyi mkaendelea."

Akaficha uso kwa viganja, mabega yakatikisika, nikaogopa nimemliza mzee wa watu. Kumbe anacheka. Halafu kweli akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya shati. "Tuliendelea sana?"

"Mpaka wakili alipoamka."

"Na Ndevu? Ndevu si alisema kitu pale?"

"Alisema huyu bwana alijua kuutumia ukimya."

"Kwa hiyo naye..."

"Naye."

Hiyo ilimpoza sana. Akakaa vizuri. "Sasa niambie. Huko kwenu, wanaongea wangapi?"

"Wote. Ila mjomba ndiye msemaji. Anaongea muda mrefu, na ameinamisha kichwa."

"Na baba yako?"

Nilitaka kudanganya. "Baba ana ndevu."

"Za kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, hapa kifuani. Mzee akafumba macho kama aliyechomwa sindano ya kweli. "Basi mwanangu, goti langu bado," akasema.

"Basi njoo kwangu kwanza, Baba. Chumba cha mwisho kwenye korido. Hakuna atakayejua."

Alikuja amevaa kofia na miwani ya jua, utadhani masikio hukaa machoni. Nilimwingiza kibandani, nikaanza kutuma milio. Akabonyeza kila mara, hakosei hata mmoja, nikashangaa, mpaka nilipogundua anabonyeza hata kabla sijatuma.

"Baba, unabonyeza nini?"

"Nimeshaushika mdundo wako," akasema kwa fahari. "Uko sawa tu kila wakati. Hovyo sana. Badilisha."

Nikaupotosha mdundo, na hapo akanyamaza. Kitufe hakikulia muda mrefu. Kupitia kioo niliona uso wake ukisubiri, na sikupenda kuuona.

Baadaye nilimvalisha vile vifaa viwili vidogo vya kusikia, kila sikio na chake. Kitu cha kwanza alichokisikia ni mfuko wangu wa plastiki, akaruka. Halafu viatu vyake mwenyewe. Halafu nesi mlangoni. "Dunia ina makelele namna hii?" akaniuliza, uso umekunjamana. Akavivua, akavitia mfuko wa shati, akasema atafikiri, na kwamba siku ya kwenda kwetu imepangwa, tuone. Huyo akaondoka. Sikujua kama atavivaa, sikujua kama atakuja. Kwa hiyo nikamwendea baba yangu kumwomba anyoe.

Sitaki kueleza siku hiyo. Baba alitaka kujua ni mkwe wa aina gani anayechagua nywele za usoni za watu. Nikamwambia ni mtu wa jazi. Alinuna, akazunguka nyumba, mwisho akanyoa kwa ajili yangu, na alipotoka bafuni mama yangu alimtazama, akasema hakujua kwamba bado ana kidevu.

Siku ikafika. Kwetu viti vimepangwa, mjomba yuko uani anapasha koo joto kwa hotuba, baba anajishika kidevu kila mara. Saa ya kuwasili ikapita. Simu yangu ikalia, ni mchumba wangu, ananong'ona.

"Mambo yameharibika. Tumevaa wote, magari yako tayari, baba amerudi ndani. Amekaa. Ameweka santuri."

"Ile ya besi?"

"Hapana. Amefungua stoo, akatoa ile ya dada. Dada amesimama hapa kama sanamu. Anasema baba ameamua kumwaibisha leo mbele ya watu wote."

"Sogeza simu nisikie."

Akaisogeza. Nikaibana sikioni, nikaziba la pili kwa kidole. Saksafoni, tarumbeta, matoazi yanamwagika, kila kitu kilichokaa juu kule ambako mzee hakuwa amefika miaka na miaka. Nyuma yake nilimsikia wifi akivuta kamasi. Mjomba alichungulia akaniuliza kwa mkono kama aanze au asianze, nikamfukuza kwa mkono.

Muziki ukafika mwisho. Matoazi yakafifia, yakafifia, yakaisha. Nikangoja ile shwa. Nimekaa na masikio ya watu maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kungoja sauti nikiwa naombea isije.

Haikuja. Nikasikia klik ya sindano ikinyanyuliwa, papo hapo.

"Mbaya," ikasema sauti ya mzee. "Mbaya sana, mwanangu. Huyu wa saksafoni anapuliza kama anakimbizwa na mbwa, na yule wa matoazi hana hata aibu. Nani alikuuzia takataka hii?"

Kisha wifi, mwalimu mkuu, akalipuka kulia, kilio kile cha kucheka katikati, na akawa anasema kwa yeyote aliyekuwa karibu, "Umemsikia? Baba anasema ni mbaya! Ameisikiliza yote!"

"Irudishe chini ya ngazi," mzee akamwambia, "halafu jifute uso, tunachelewa. Nasikia huko kuna mjomba anayeongea sana."